Focus Maana Yake Jiko

Jumatano, 5 Juni

Nimeambiwa leo mchana, nikiosha sufuria. Baba Mkuu wa nyumba hii ya watawa aliingia jikoni mwenyewe, jambo analolifanya labda mara mbili kwa mwaka. Akaonja maharage, akayasifu, kisha akasema kilichomleta. Kuanzia mwezi ujao jiko na tanuri vitakuwa chini ya mtu mmoja. Ama mimi, ama Mwokaji. Mkaguzi kutoka ofisi ya askofu anafika Jumapili, na yeye ndiye atakayeamua.

Nikaitikia, ndiyo Baba. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata.

Miaka kumi na tisa niko kwenye jiko hili la kuni. Mabruda ishirini na sita, milo mitatu kwa siku, na sijawahi kumlaza mtu na njaa. Mwokaji ana miaka miwili. Tena ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na kazi nilimtafutia mimi. Nilimwombea kwa Baba Mkuu, nikamwombea na kwa Mungu. Wote wawili wakanisikia. Ningejua ningeomba kwa sauti ya chini.

Simchukii. Naandika hapa ili ieleweke. Ni mtu wa adabu, hunisalimia kwa mikono miwili, na mkate wake unaumuka vizuri. Hayo ndiyo yanayonikera.

Jioni nimesali rozari nzima nikitafuta njia. Kufika fumbo la nne nimeipata. Huyu Mkaguzi, nilishamsikia Bruda wa Maktaba akisema, alifundisha Kilatini miaka thelathini. Basi wengine wamkaribishe kwa nyimbo na makofi. Mimi nitamkaribisha kwa Kilatini. Atajiuliza, kama mpishi wao yuko hivi, jiko lenyewe likoje?

Kuna kasoro moja ndogo. Kilatini sikijui. Najua Amina tu, na hiyo nasikia si ya kwao.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeanza na Bruda wa Maktaba. Ana miaka themanini na tumbo bovu, kwa hiyo supu yake naipika mbali na ya wengine, bila chumvi, kwa amri ya daktari. Kawaida huja kuichukua. Leo nimempelekea mwenyewe hadi kati ya vitabu vyake. Kopo la chumvi nalo lilikuwa kwenye trei. Sikumpa chumvi. Nilisahau tu kulifunika, nikageuka kutazama dirishani kwa muda.

Alipomaliza supu alikuwa mtu mwema sana. Nikamuuliza Kilatini cha jiko. Akasema wana maneno kadhaa, lakini lililo zuri kuliko yote ni focus.

Nikamwambia asinitanie. Fokasi naijua, ni ya wapiga picha, na ya wale vijana wenye vipaza sauti wanaotuambia tuwe na malengo. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema hapana, mzee wangu, focus ilianza kama mahali pa moto ndani ya nyumba. Meko. Pale familia ilipokusanyika, pale chungu kilipokaa. Baadaye watu wa kawaida wakalitumia kwa moto wenyewe, hata neno la zamani la moto likasukumwa pembeni. Hiyo ya wapiga picha imekuja nyuma kabisa. Mtaalamu mmoja wa nyota alilichukua kwa hesabu zake kama miaka mia nne iliyopita, pengine kwa sababu miale ikipita kwenye kioo na kukutana mahali pamoja, inaunguza kama jiko.

Nilikaa chini. Kumbe kila anayesimama jukwaani kuwaambia watu wawe na fokasi anazungumzia kazi yangu, na hajui.

Nikauliza asili yake, neno lenyewe limetoka wapi. Hapo akakuna kichwa. Wataalamu hawajakubaliana, akasema. Wazazi wake hawajulikani. Limeniuma kidogo. Unapata neno zuri namna hii, halafu halina kwao.

Tena akaniambia la mwisho nikiwa mlangoni. Wazee wa Kilatini wakitaka kusema wanapigania kilicho kipenzi kwao kuliko vyote, walisema pro aris et focis. Kwa ajili ya altare na meko. Nimerudi jikoni nikiwa sikanyagi chini. Altare kwanza, na anayefuata ni mimi. Tanuri halikutajwa.

Ijumaa, 7 Juni

Hatua ya kwanza. Asubuhi na mapema nimechukua kipande cha mkaa, nikaandika FOCUS kwa herufi kubwa juu ya kidirisha cha kupitishia chakula, upande wa bwalo. Nia ilikuwa watu wazoee.

Mchana mabruda wamekula macho yametua kwenye sahani. Hakuna aliyetazama kushoto wala kulia. Walidhani ni agizo. Baba Mkuu akaja baadaye, kwa upole sana, kuuliza kama kuna bruda aliyekuwa akitupa macho huku na huku wakati wa chakula hata mpishi akaona amwonye kwa maandishi. Nikasema hapana Baba, ni jiko. Akasema anaona kwamba ni jiko. Tukaachana hapo.

Shemeji naye kapita na trei ya mikate. Akasoma. Akasema, shemeji, ushauri mzuri huo, hata mimi nikikanda unga mawazo huhama. Ningemweleza, lakini adui haelezwi silaha. (Adui nimeandika kwa maana ya mchezo. Nitaungama hata hivyo.)

Ila jioni Mungu amefungua mlango. Nyumba hii ina desturi. Kabla ya chakula cha mchana mtu mmoja husimama mimbarini na kusoma dakika tano, maisha ya watakatifu kwa kawaida, na wengine wote hukaa kimya. Kimya chenyewe si cha mchezo. Hakuna kunong'ona, hakuna kuinuka, hadi anayekaa kichwani mwa meza apige kengele ndogo. Kengele ikilia ndipo kidirisha kinafunguliwa na chakula kinatoka. Sasa siku ya ukaguzi, msomaji huwa mmoja wetu sisi wafanyakazi. Nimetazama orodha ukutani. Jumapili hii ni Mwokaji.

Nimemfuata tanurini. Nikamwambia namwona kachoka, na kusoma mbele ya wageni ni mzigo, na mimi kama mkubwa wake niko tayari kumbebea. Nilijiandaa kubishana. Akanishika mkono akashukuru. Amekuwa hapati usingizi kwa hofu ya kusoma mbele za watu, akasema. Akaniuliza kwa huruma kama nitaweza, na sufuria zikiwa motoni.

Nimeona haya kidogo. Yamepita baada ya chai.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya maandalizi. Bruda wa Maktaba kaniandikia sura zote za neno kwenye karatasi. Maana Wakilatini hawaliachi neno likae lilivyo. Focus ni jiko likiwa lenyewe ndilo linalotenda. Foci, la jiko. Foco, kwa jiko, ukilipa kitu. Focum, jiko likitendewa. Foco tena, ukipitia kwa jiko au ukitoka kwake. Hizi foco mbili zimefanana kama mapacha na nimeshazichanganya mara saba. Na ya mwisho, niliyoipenda kuliko zote, foce. Hiyo ni ya kuliita. Ewe jiko.

Fikiria watu waliokuwa na neno rasmi la kumwita jiko. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwita mapema alfajiri kwa majina nisiyoweza kuyaandika humu.

Nimejaribu papo hapo. Nimesimama mbele yake, nikasema foce, nikawasha. Kuni zimeshika kwa kiberiti cha pili. Jana zilikula vijiti vinne. Zinaweza kuwa zilikauka. Sisemi kitu.

Nyumbani nimempa mke wangu habari. Nikamwambia kwa Kilatini jiko ni mwanamume. Kila neno lao lina jinsia, na hili limeandikishwa upande wetu. Yeye alikuwa akimenya vitunguu. Akasema ni ajabu, maana siku nilipomwoa yeye, ndugu zangu walitangaza kwamba nimepata jiko. Basi kama jiko ni mwanamume, akasema, mwanamume mwenzako anakungoja pale pembeni, mpikie wanao. Akanisogezea kisu. Nimemenya vitunguu vyote. Sijui alisomea wapi, lakini hoja anajua kuipanga.

Halafu akaniuliza bila kunitazama kama nadhani mdogo wake ni mtu mbaya. Nikasema hapana. Akasema basi. Neno moja tu, basi, na limenifuata hadi kazini.

Kazini nimepata mshituko mwingine. Bruda wa Maktaba amekumbuka kunieleza kwamba Warumi wa kale, kabla hawajamjua Mungu, waliweka vijimungu vya nyumbani karibu na focus na kuvilisha. Sikupenda. Nimechungulia nyuma ya jiko langu: kipande cha gunia, mwiko uliopotea tangu mwaka juzi, mjusi. Lakini kwa usalama nimekwenda kuchota maji ya baraka kanisani, nikanyunyiza. Labda nilizidisha. Moto wote umezimika na chakula cha jioni kimechelewa dakika arobaini. Foce niliisema mara sita. Hakujibu.

Shemeji akaja kuniwashia kwa makaa ya tanuri lake. Akasema, shemeji, kesho ukiwa mimbarini nikae nikuangalizie maharage, nisimame tu hapa, sitagusa kitu.

Nikamshukuru nikakataa. Wema huu ni mzuri mno kuwa wa bure: Mkaguzi atoke bwaloni, amkute yeye ameshika mwiko wangu. Kesho mlango wa jikoni nitaufunga kwa ufunguo, na ufunguo utakaa mfukoni mwangu.

Jumapili, 9 Juni

Naandika jioni, nimekaa.

Mambo yalianza vizuri. Maharage motoni, kuni mbili tu, moto wa kulala. Mlango nimefunga. Aproni safi. Nimepanda mimbarini, karatasi mkononi. Mkaguzi amekaa kichwani mwa meza; padre mnene mwenye macho ya kucheka. Baba Mkuu, kwa heshima, amemwachia kiti chake na kumkabidhi ile kengele ndogo. Akasahau kumwambia ni ya nini. Mkaguzi aliinama kushukuru, akaitazama, akaitia mfukoni. Alidhani ni zawadi.

Mimi nikaona. Nikafurahi. Msomaji ambaye hakuna wa kumkatiza.

Nimesoma mstari mmoja wa mtakatifu wa siku ili nisiwe nimesema uongo. Kisha nikafunga kitabu nikasema, ndugu zangu, focus. Mkaguzi akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Hapo ndipo nilipojua nimeshinda.

Nimeeleza meko. Nimeeleza familia na chungu. Nimeeleza moto na wapiga picha. Asili nilipoifikia niliongozwa kusema ukweli, nikasema wataalamu bado wanatafuta na mimi nawaombea. Mkaguzi akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Nikaingia sura za neno, moja baada ya moja, na kila moja nikaipa mfano wa kazi.

Kama dakika ya kumi na tano nikaanza kuona machozi. Bruda mmoja kwanza, yule wa bustani. Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha jirani yake. Kisha benchi zima. Sijawahi kugusa watu namna ile. Wengine walianza kunionyesha ishara za mikono, zile wanazozungumzia nyakati za kimya. Mimi naishi upande wa pili wa ukuta. Katika ishara zao najua mkate, chumvi, maji na ongeza. Hizi zilikuwa kubwa kubwa, mikono ikipanda juu na vidole vikichezacheza. Nikachukua kwamba ni za pongezi. Niliinamisha kichwa, nikaendelea. Baba Mkuu alikuwa amekodoa macho kwenye mfuko wa Mkaguzi.

Nilikuwa kwenye foce, na ni kweli nilikuwa nimeinua mikono miwili kuliita jiko, shemeji aliposimama. Mbele ya wote. Kengele haijalia. Akavuka bwalo, akasukuma kile kidirisha, na moshi ukatoka kama umefunguliwa guniani. Alishika kidirisha, akajipandisha, akaingiza kichwa, mabega, akakwama kwenye mkanda. Tukabaki na nusu yake ya nyuma, imejaa unga, miguu ikipiga hewa chini ya neno FOCUS.

Sitaki kudanganya kitabu changu mwenyewe. Wazo langu la kwanza lilikuwa: anaharibu hotuba yangu kwa wivu. Nikapandisha sauti. Nikasema foce mara ya pili.

Kisha miguu ikapotea ndani. Tukasikia sufuria ikiburutwa, maji yakimwagwa, na shemeji akikohoa. Sauti yake ikatoka kidirishani, ya upole ileile. Shemeji, ufunguo.

Nilishuka. Safari ile kutoka mimbarini hadi mlangoni ina hatua kumi na nne.

Maharage yalikuwa makaa. Kuni za pembeni zilishashika, na gunia la nyuma ya jiko lilikuwa limeanza; nililivuta nje, likaniunguza nyusi. Dakika tano zaidi ingekuwa dari. Viganja vya shemeji vimebabuka. Nilichota maji baridi nikavimwagia. Yeye akasema si kitu, mwokaji huungua kila wiki, shemeji usikae katikati ya moshi.

Mabruda ishirini na sita na mgeni wamekula mkate. Wa shemeji. Kwa chai. Mkaguzi alikula vipande vitano.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeungama asubuhi. Kiburi, hila, kopo la chumvi. Baba Mkuu alikohoa muda mrefu nyuma ya pazia la kiti cha maungamo, nadhani akificha kicheko, kisha akanipa malipizi: nimwombe shemeji radhi mbele ya mke wangu.

Uamuzi tumesomewa saa nne, tumesimama sote wawili mbele ya meza. Mkaguzi amesema hotuba ilimpa raha kuliko ukaguzi wowote wa mwaka huu, na kwamba jana alisikia habari za jiko kutoka kwa mmoja na akamwona mwenye jiko kwa mwingine. Jiko na tanuri viwe chini ya Mwokaji. Mimi nibaki mpishi, wa pili. Kengele akairudisha, akaomba radhi.

Miaka kumi na tisa. Nilitoka nje nikasimama penye rundo la kuni. Sikulia. Nilipanga kuni, ndefu na ndefu, fupi na fupi, mpaka rundo zima likanyooka.

Shemeji akanifuata, mikono imefungwa bandeji. Hakukaa na maneno mengi. Akasema yeye hajui kupikia watu ishirini na sita na hataki kujua, mwiko ni wangu, kila kitu kibaki kilivyo. Ana agizo moja tu kama mkubwa wangu mpya, na linamwia vigumu kulitamka: sufuria ikiwa motoni, shemeji, naomba usitoke. Nikaapa.

Usiku wa leo tumekula kwetu pamoja. Nimeomba radhi. Mke wangu alitutazama, mmoja na bandeji, mwingine na nyusi zilizoungua, akaanza kucheka, na yeye akianza hakuna anayebaki. Alimtaka mdogo wake aonyeshe alivyokwama kidirishani. Akaonyesha kwa kutumia kiti. Wanangu wamegaagaa chini. Mimi pia nimecheka, na nakwenda kulala mwepesi kuliko wiki nzima.

Jumanne, 11 Juni

Kazi imekwenda vizuri. Sikutoka jikoni hata mara moja. Shemeji ni mkubwa mwema, na nimeikubali hali yangu kabisa. Mapenzi ya Mungu.

Ila nimekuwa nikitafakari, nikichambua mchele, kosa hasa lilikuwa wapi. Mtu asipojua kosa lake atalirudia. Na nimelipata. Kumbe nilisimamishwa nikiwa katika umoja. Jiko moja. Wingi sikuufikia kabisa: meko, ya meko, kwa meko, enyi meko. Mkaguzi amefanya uamuzi akiwa amesikia nusu ya hoja. Mtu wa Kilatini miaka thelathini; lazima inamsumbua na yeye.

Mchana Bruda wa Maktaba amesema Mkaguzi anarudi mwezi wa tisa kutazama kama mpango mpya unakwenda. Nimemwandikia barua, ya heshima sana, nikieleza kwamba sehemu iliyobaki haizidi nusu saa. Shemeji ameisoma, akasema imeandikwa vizuri. Akaniuliza nitakuwa wapi siku hiyo na maharage yatakuwa wapi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Siku hiyo atapika yeye.